Mto wa Kasi Usomwe Kwanza

Juu ya mito ya nyanda zetu za juu za kusini husikika rai mbili. Ya kwanza ni ya wale wanaotazama poromoko la maji na kuona ndani yake mtambo wa umeme. Ya pili, ambayo ni changa zaidi, ni ya wale wanaoona hapo uwanja wa mchezo: mashua za mpira, makafi, kofia ngumu, na wageni walio tayari kulipa fedha nzuri ili wateremke katika maji yanayotoka povu. Kila rai ina hoja yake, na sikusudii kuipinga hata moja. Ninalodai katika makala haya ni kwamba zote mbili huelekea kuruka hatua moja, yaani hatua ya kuusoma mto wenyewe. Nadai pia kwamba hatua hiyo yaweza kuanzwa na shule za sekondari, na kwamba shule za Njombe na Makambako zimekaa mahali panapofaa sana kwa kazi hiyo.

Mahali panapogawa maji

Kati ya Makambako na Njombe kuna kilomita zipatazo 60 tu za barabara, lakini katika eneo hilo na milima inayolizunguka, maji ya mvua hugawanyika kwenda pande zilizo mbali sana. Mvua inayonyesha upande wa mashariki wa nyanda hizi huingia katika Mto Ruhudji na mito mingine inayoteremka hadi bonde la Kilombero. Mvua inayonyesha upande wa kaskazini na magharibi hushuka kwenye uwanda wa Usangu na kuingia Ruaha Kuu. Upande wa kusini, Mto Ruhuhu huchukua maji yake mpaka Ziwa Nyasa, na kutoka ziwani maji hayo hutoka kwa Mto Shire hadi Zambezi. Hivyo matone mawili yaliyoanguka siku moja katika mkoa mmoja yanaweza kufika Bahari ya Hindi kwa njia mbili, moja ikipitia delta ya Rufiji na nyingine ikipitia Msumbiji.

Tuufuate Ruhudji peke yake. Mto huu hupita karibu kabisa na mji wa Njombe, na kando ya barabara kuu, mwendo mfupi kutoka mjini, huanguka juu ya mwamba katika maporomoko ambayo kila msafiri wa njia hiyo huyajua. Kisha huendelea na safari yake kuelekea chini, hukutana na Mnyera, na mito hiyo miwili ndiyo inayozaa Mto Kilombero, ambao wazee waliuita pia Ulanga. Kilombero nao hukutana na Luwegu kwenye maporomoko ya Shuguri, na hapo ndipo jina la Rufiji linapoanza. Ruaha Kuu hujiunga mbele ya hapo. Maji yaliyoachana katika nyanda za juu, mengine yakaenda Usangu na mengine Kilombero, hukutana tena na kupita pamoja katika mitambo tisa ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kazi mwaka 2024.

Jambo la kuangalia hapa ni kimo. Njombe iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na sakafu ya bonde la Kilombero iko karibu na mita 300. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa kwa nchi zetu mwaka 1976, hulazimika kupanda tofauti inayokaribia hiyo kati ya Mlimba na Makambako, na ndiyo sababu sehemu hiyo ina mahandaki na madaraja mengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya njia. Mhandisi wa reli aliweza kuzungusha njia yake ubavuni mwa milima ili mteremko uwe wa polepole. Mto haukuwa na mhandisi. Ulipokuta mwamba laini ulichimba, na ulipokuta mwamba mgumu ulishindwa kuchimba kwa upesi ule ule, ukabaki unaruka. Poromoko basi ni mahali ambapo kazi ya mto haijakwisha.

Maji ya kasi ni nini?

Mwanafunzi wa kidato cha tatu anajua kwamba kitu kilicho juu kina nishati kwa sababu ya kimo chake. Kilo moja ya maji ikishuka mita 1,500 hupoteza nishati ya jouli 14,700. Kama maji hayo yangeteremka bila kizuizi chochote, yangefika bondeni yakiwa na mwendo wa mita 171 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 600 kwa saa. Sote tunajua kwamba mto haufiki Kilombero hivyo. Unafika ukiwa umetulia, na Wandamba huupiga makafi katika mitumbwi yao bila wasiwasi mkubwa. Nishati ile imekwenda wapi?

Jibu liko katika maporomoko na maji ya kasi. Kila jiwe, kila mwinuko wa sakafu ya mto na kila wimbi linalovunjika huchukua sehemu ya nishati na kuigeuza kuwa mizunguko midogo ya maji, ambayo husuguana hadi ikawa joto. Sehemu ndogo sana huwa sauti, na hiyo ndiyo ngurumo tunayoisikia kutoka mbali. James Joule wa Uingereza alionyesha katika miaka ya 1840 kwamba kazi na joto ni sarafu mbili zinazobadilishana kwa bei isiyobadilika. Kwa bei hiyo, maji yanayoanguka mita kumi hupata ongezeko la joto la sehemu mbili tu za mia za digrii ya Selsiasi, na hakuna kipimajoto cha shule kitakachoonyesha tofauti hiyo. Kwa mteremko wote wa mita 1,500 ongezeko lingefika digrii tatu na nusu, kama maji hayangepashwa joto na jua wala kupozwa na upepo njiani.

Sasa tazama umbo la maji yenyewe. Juu ya jiwe pana maji huwa membamba, laini kama kioo, na ya kasi. Mara baada ya jiwe huinuka ghafla, huvunjika na kutoka povu. Watu wengi hudhani kwamba mahali pa hatari na pa kasi ni pale penye povu, kumbe kasi kubwa ilikuwa kwenye kioo, na povu ni dalili kwamba maji yamepunguza mwendo. Wanasayansi hutofautisha hali hizi mbili kwa namba iliyopewa jina la William Froude, Mwingereza aliyefariki mwaka 1879, aliyechunguza mwendo wa meli. Chukua mwendo wa maji, ugawanye kwa kipeuo cha pili cha zao la kina na mchapuko wa uvutano. Maji yenye kina cha sentimita 40 yana kipimo cha karibu mita mbili kwa sekunde, ambao ndio mwendo wa wimbi dogo juu ya maji hayo. Maji hayo yakienda kwa mita moja kwa sekunde, namba ni nusu, na wimbi linaweza kupanda kuelekea juu ya mto. Yakienda kwa mita tatu kwa sekunde, namba ni moja na nusu, na hakuna wimbi linaloweza kupanda. Mahali ambapo namba hiyo inashuka kutoka juu ya moja hadi chini ya moja, maji huruka na kuvunjika. Povu ni mpaka kati ya hali hizo mbili.

Nyuma ya jiwe kubwa kuna jambo jingine. Hapo maji hurudi nyuma, yakielekea juu ya mto, kwa sababu mkondo unaopita pembeni huyavuta na kuacha nafasi inayopaswa kujazwa. Mpiga kafi stadi hutumia nafasi hiyo kama kituo cha kupumzikia: huingiza kichwa cha mashua yake nyuma ya jiwe, hutulia, hutazama njia iliyo mbele, kisha hutoka tena. Mtu asiyejua huona mashua inatupwa huku na huku. Ajuaye huona mtu anayeruka kutoka kituo hadi kituo, akisoma mto kama msomaji anavyopumua kwenye nukta.

Mtu ndani ya maji

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na wengi wao walikuwa watoto na vijana wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Hawa hawakufa wakicheza mchezo wa kitajiri. Wengi hufa wakichota maji, wakivuka kwenda shule au shambani, wakioga au wakivua. Kwa hiyo elimu ya maji ya kasi haimhusu mgeni mwenye mashua ya mpira peke yake. Inamhusu zaidi mtoto wa kijijini anayevuka kijito kila asubuhi.

Fizikia inatuambia mambo matatu ambayo kila mwanafunzi angepaswa kuyajua.

La kwanza ni kwamba nguvu ya maji yaendayo hukua kwa mraba wa mwendo. Mtu aliyesimama mtoni akikinga maji kwa eneo la nusu mita ya mraba, maji yakienda kwa mita moja kwa sekunde, husukumwa kwa nguvu ya karibu nyutoni 250. Mwendo ukiwa mita mbili, nguvu ni nyutoni 1,000, sawa na uzito wa magunia mawili ya saruji. Mwendo ukiwa mita nne, nguvu ni nyutoni 4,000. Mto uliovukika jana kwa shida kidogo hauwi na hatari iliyoongezeka kidogo leo baada ya mvua; huenda hatari yake imeongezeka mara nne.

La pili ni kwamba povu halibebi. Mwili wa binadamu una densiti iliyo karibu sana na ile ya maji, na ndiyo maana twaelea kwa taabu tu. Maji yaliyochanganyika na hewa kwa theluthi moja yana densiti ya kilo 670 hivi kwa mita ya ujazo. Ndani ya maji ya namna hiyo hata muogeleaji hodari huzama. Chini ya poromoko lililonyooka upana wote wa mto, maji ya juu hurudi kuelekea kwenye poromoko, na mtu aliyenaswa hapo huzungushwa kama nguo katika beseni. Kizuizi kidogo cha saruji kilichojengwa na watu, chenye kimo cha mita moja tu, kinaweza kuwa cha hatari kuliko maporomoko ya mawe yenye kutisha, kwa sababu kimenyooka na hakiachi upenyo wa kutokea.

La tatu ni kwamba asimamaye katika maji ya kasi hujitia kitanzi. Mguu ukinaswa kati ya mawe, mkondo humwinamisha mtu na kumshikilia chini. Aliyechukuliwa na maji ya kasi na alale chali, miguu mbele na karibu na uso wa maji, aongoze mwili kwa mikono kuelekea ukingoni, wala asijaribu kusimama mpaka afike kwenye maji yaliyotulia. Maneno haya hayachukui dakika tano kufundishwa, nami sijui sababu ya kuyafanya siri ya vyama vya wapiga kafi wa Ulaya na Marekani.

Wapiga kafi hao huyapanga maji ya kasi katika madaraja sita. Daraja la kwanza ni mawimbi madogo. La sita ni maji ambayo kuyapita ni kuuweka uhai rehani. Lakini daraja si jina la mahali. Mahali pale pale panaweza kuwa daraja la pili mwezi Oktoba na daraja la tano mwezi Aprili. Katika nyanda za Njombe mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na mito hupanda na kushuka kwa kufuata msimu huo. Mtu akiniuliza kama Ruhudji waweza kupigiwa makafi, nitamjibu kwa kumuuliza: sehemu ipi, mwezi upi, na kwa maji ya mita ngapi za ujazo kwa sekunde? Bila majibu hayo swali lenyewe halijakamilika. Kuhusu lile poromoko la karibu na mji, shauri langu ni fupi: litazamwe kutoka ukingoni.

Yaliyotokea kwa jirani na kwetu

Ili tuone kwa nini kusoma kunapaswa kutangulia, tutazame mifano miwili.

Mto Nile unapotoka Ziwa Nyanza huko Jinja, Uganda, ulikuwa na mfuatano wa maji ya kasi wenye sifa duniani. Mchezo wa kuteremka kwa mashua za mpira ulianzishwa hapo kama biashara mwaka 1996, ukawapa kazi vijana wengi wa Jinja, na baadhi yao wakawa waongozaji stadi kabisa. Maporomoko ya Bujagali, ambayo kwa Wasoga yalikuwa pia mahali pa heshima ya kimila, yalikuwa sehemu ya njia hiyo. Kisha likajengwa bwawa la Bujagali, lenye megawati 250, lililozinduliwa mwaka 2012, na maporomoko yakafunikwa na maji. Biashara ikahamia chini zaidi. Mwaka 2019 likazinduliwa bwawa la Isimba, megawati 183, na sehemu nyingine ikafunikwa. Sisemi kwamba Uganda ilikosea kutafuta umeme. Nchi isiyo na umeme haina viwanda wala maabara. Nasema kwamba matumizi mawili ya mto mmoja yalikutana kama watu wawili kwenye daraja la mti mmoja, na mwenye nguvu akapita.

Mfano wa pili ni wetu wenyewe, nao uko kaskazini-mashariki ya Makambako. Mto Kihansi huporomoka kwenye ukingo wa milima ya Udzungwa kuelekea bonde la Kilombero. Mwaka 1996, ujenzi wa mradi wa umeme ukiwa umekwisha kuanza, watafiti walimkuta chini ya maporomoko hayo chura mdogo wa rangi ya dhahabu, ambaye hakuwa amejulikana na sayansi. Urefu wake haufiki sentimita tatu, hazai mayai bali watoto waliokamilika, na aliishi katika eneo dogo lililoloweshwa daima na rasharasha za maporomoko. Alipewa jina la kisayansi mwaka 1999. Mradi wa megawati 180 ulikamilika mwaka 2000, sehemu kubwa ya maji ikaelekezwa kwenye mitambo, na rasharasha zikapungua mno. Yakawekwa mabomba ya kunyunyizia maji, na vyura wapatao 500 wakapelekwa kutunzwa Marekani. Haikutosha. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka katika makao yake ya asili, na ni tangu mwaka 2012 tu ndipo vizazi vya wale waliotunzwa ugenini vilipoanza kurudishwa Kihansi.

Fundisho la Kihansi kwa maoni yangu si kwamba umeme ni mbaya au kwamba chura ni bora kuliko binadamu. Fundisho ni kwamba mto ulipimwa kwa ajili ya jambo moja, na mengine yote yakagunduliwa baada ya uamuzi kukatwa. Kama maporomoko yale yangekuwa yamechunguzwa miaka kumi mapema, wahandisi wangechora mradi wakijua wanachokishika mkononi. Kuokoa kwa kuchelewa kumekuwa ghali, na hakuna ajuaye thamani ya vile vilivyopotea bila kuonekana.

Sasa mpango wa kuzalisha megawati 358 kwa maji ya Ruhudji umekuwamo katika mipango ya nchi kwa miaka mingi. Upande wa magharibi, Ruaha Kuu umekuwa ukikauka kwa majuma mengi ya kiangazi tangu miaka ya 1990, ndani ya hifadhi ya taifa inayochukua jina lake. Sheria ya usimamizi wa rasilimali za maji ya mwaka 2009 inatambua kwamba sehemu ya maji haina budi kubaki mtoni kwa ajili ya mahitaji ya msingi ya watu na kwa uhai wa mto wenyewe. Lakini sheria inaposema sehemu, mtu lazima aweze kusema sehemu ya ngapi. Asiye na vipimo hana la kujibu, awe mwanakijiji mwenye vinyungu bondeni, awe mhandisi, awe kijana mwenye ndoto ya kuongoza mashua.

Kazi ya shule

Twende basi kwenye pendekezo. Shule ya sekondari iliyo karibu na mto na daraja yaweza kupima mto huo kila juma kwa vifaa vifuatavyo: kamba iliyotiwa alama, saa yenye mshale wa sekunde, fimbo ndefu, daftari, na machungwa machache. Chungwa hufaa kwa sababu huelea likiwa limezama karibu lote, hivyo upepo hausumbui.

Chagua mahali mto uliponyooka na kutulia. Pima urefu wa mita 20 ukingoni. Tupa chungwa juu kidogo ya alama ya kwanza na uhesabu sekunde mpaka lifike alama ya pili. Tuseme ni sekunde 16. Mwendo wa juu ni mita 1.25 kwa sekunde. Maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu, kwa hiyo zidisha kwa 0.85, upate 1.06. Kama mto una upana wa mita sita na kina cha wastani cha nusu mita, eneo ni mita tatu za mraba, na mtiririko ni mita za ujazo 3.2 kwa sekunde. Ukitaka kujua uwezo wake, zidisha kwa densiti ya maji, kwa uvutano, na kwa kimo cha poromoko. Kwa kimo cha mita kumi utapata takribani kilowati 314 kabla ya kutoa hasara za mitambo. Namba hizi ni za mfano tu. Kazi ya mwanafunzi ni kutafuta zile za kweli za mto wake. Akizipata, aende akatazame kituo kidogo cha umeme cha Uwemba, karibu na Njombe, ambacho uwezo wake haufiki megawati moja, naye ataelewa kwamba hesabu ya darasani na taa ya nyumbani ni jambo moja.

Jambo la pili ni alama ya kimo cha maji. Mistari iliyochorwa kwa rangi kwenye nguzo ya daraja, kila sentimita kumi, husomwa na mwanafunzi mmoja kila asubuhi. Baada ya mwaka mmoja shule ina mchoro wa kupanda na kushuka kwa mto. Baada ya miaka kumi ina hazina. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye makao yake Iringa, ina vituo vya kitaalamu, na vipimo vya shule havitachukua nafasi yake; vitajaza mapengo ya vijito ambavyo hakuna afisa anayeweza kuvifikia kila siku.

Ng'ambo nilikosomea nilishangaa kukuta kwamba klabu za wapiga kafi ndizo zilizokuwa na kumbukumbu ndefu za vimo vya mito midogo, na kwamba wanasayansi walikwenda kuziomba. Watu wale hawakuwa wataalamu. Walitaka tu kujua kama Jumamosi mto ungefaa. Udadisi wa mchezo ulikuwa umezaa elimu. Kwetu mfuatano huo unaweza kugeuzwa: elimu itangulie, na mchezo ufuate ukiwa salama.

Nazijua hoja zitakazotolewa. Wapo watakaosema kwamba shule zetu zina upungufu wa maabara na walimu wa sayansi, na kwamba si wakati wa kuzungumza juu ya mashua. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama mto ungehitaji kununuliwa. Mto uko pale, unafundisha mwendo, nguvu, nishati, jiolojia, viumbe na hesabu bila kutoza ada, na shule isiyo na maabara ndiyo inayouhitaji zaidi.

Wengine watasema kwamba ni hatari kuwapeleka watoto mtoni. Ni kweli, na kanuni lazima ziwekwe. Vipimo vya masika vichukuliwe kutoka darajani au ukingoni tu, na kina kipimwe kwa kamba yenye uzito. Kiangazi asiingie mtu katika maji yanayozidi magoti, na mwalimu awe na kamba ya kurusha. Lakini mtoto huyo ataukuta mto hata tusipompeleka. Waliotuachia methali kwamba maji usiyoyafika hujui kina chake hawakukusudia tuyaogope maji, bali tuyapime.

Ikiwa baada ya miaka kadhaa itaonekana kwamba sehemu fulani ya Ruhudji, au ya mto mwingine wa nyanda hizi, yafaa kwa makafi, basi wanaotaka kuanzisha mchezo huo watimize masharti matatu. Kimo cha maji kinachoruhusu safari kitangazwe na kuandikwa darajani. Waongozaji na waokoaji wawe vijana wa vijiji vya kando ya mto, waliofunzwa kweli, si wabeba mizigo wa wageni. Na vijiji hivyo viwe na sauti juu ya mto kabla ya mkataba wowote kutiwa sahihi, wawe wanaotia sahihi ni wenye mashua au wenye mitambo.

Mwalimu uliye Njombe, Makambako, au kando ya mto wowote wenye kasi, msimu wa mvua huanza Novemba. Mistari kwenye nguzo ya daraja yafaa ichorwe Oktoba, maji yakiwa chini, baada ya kupata ruhusa ya wenye daraja. Wanafunzi wa kidato cha kwanza wapewe daftari hilo walitunze, ili watakapofika kidato cha nne wawe na misimu mitatu kamili ya vipimo vya mto wao, vilivyoandikwa kwa mkono wao. Nakala moja ibaki shuleni, na nyingine ipelekwe kwa bodi ya bonde.